Kabla ya Kwamsisi: Habari Ndogo za Shule Ndogo

Hudhuria kongamano lolote la elimu hapa nchini, na kabla ya chai ya saa nne atasimama mtu aitaje Kwamsisi. Kisa chenyewe wengi tunakijua. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1971 shule ya msingi ya kijiji cha Kwamsisi, wilayani Handeni, ilishikwa mkono na Chuo cha Ualimu cha Korogwe ili watu waone kwa macho shule inavyoweza kuwa ya kijiji kizima. Baadaye ukaja mradi wa MTUU, uliounganisha Tanzania, UNICEF na UNESCO, kueneza mfano huo kwingineko. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na wale wanaokifanya kisa hiki kuwa chimbuko, wakatuambia kwamba kabla ya hapo shule ndogo ya kijijini ilikuwa kibanda cha wageni, mzazi hana habari nayo wala yenyewe haina habari na mzazi.

Wanaosema hivyo hawajalisoma gazeti la Msimulizi. Siwalaumu sana, maana nakala zilizosalimika ziko zaidi katika maktaba za Uingereza kuliko zetu. Ila mtu anayetaka kuandika historia ya shule na jamii katika nchi hii akaanzia 1967 ameingia sinema filamu ikiwa inakaribia kwisha.

Msimulizi lilianza kutoka Oktoba 1888 katika chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini kidogo ya mji wa Unguja. Wenye chuo walikuwa wamisionari Waanglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Historia yao imeandikwa mara nyingi, nami sina haja ya kuirudia. Inatosha kukumbuka kwamba walifika Unguja 1864, na kwamba wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, ambao Sayyid Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer. Kiungani ilijaa vijana wa namna hiyo: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazigua, kila mmoja na njia yake iliyomfikisha kisiwani, na wachache sana waliojua mama zao wako wapi. Waliokomaa walipelekwa bara kufundisha. Gazeti lilitoka kila baada ya miezi miwili, likapigwa chapa palepale chuoni, nalo likaendelea hadi 1896.

Ile kazi ya kupiga chapa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaeleza mambo ambayo hoja kubwa kubwa haziyaelezi. Kijana alisimama mbele ya kasha lenye vijumba, kila kijumba na herufi yake ya risasi, akaokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume ndani ya kifaa alichokishika mkono wa kushoto. Kiswahili kinakula herufi a, k na w kwa wingi ambao Kiingereza hakiujui, na makasha yale yalitengenezwa kwa hesabu ya Kiingereza. Kwa hiyo kila sentensi iliyoongezwa ilikuwa na gharama, ya risasi na ya vidole. Katika hali hiyo mtu hapangi maneno ya kujaza nafasi. Ukikuta ukurasa mzima umetumiwa kueleza kwamba shule fulani ndogo bara imepata wanafunzi wangapi, mvua imechelewa, mwalimu fulani ameoa na mwingine amezikwa, ujue kuna watu waliozihesabu habari hizo kuwa na thamani ya kazi ile yote.

Hayo ndiyo yaliyomo kwenye Msimulizi. Barua zilitoka Mbweni na Mkunazini palepale Unguja, zikatoka Magila na vijiji vya Bonde, nyuma ya pwani ya Tanga, zikatoka Masasi na Newala, na nyingine zikatoka ng'ambo kabisa, Ziwa Nyasa. Waandishi walikuwa walimu Waafrika, wengi wao vijana waliokuwa wamekalia madawati ya Kiungani miaka michache tu nyuma. Waliandika juu ya mahudhurio, ubatizo, njaa, uvumi wa vita, michezo, ujenzi wa darasa la miti na udongo, mgeni aliyepita na mgonjwa aliyepona.

Wanahistoria wamelipita gazeti hili kwa sababu mbili, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni kwamba lilikuwa chombo cha misheni. Hilo ni kweli, na lazima likubaliwe bila kuzungushazungusha: mmisionari alisimamia, na mwalimu aliyekuwa na chuki na padri wake hakuipeleka chuki hiyo Kiungani ipigwe chapa. Anayetafuta malalamiko juu ya mshahara au ubaguzi atatoka mikono mitupu. Sababu ya pili ni kwamba habari zenyewe ni ndogo mno, ni porojo za shuleni, historia haiandikwi kwa mechi na harusi. Hii siipi hata dakika. Wasemao hivyo ndio hao hao wanaolalamika kwamba mwananchi wa kawaida hana sauti katika nyaraka za karne ya 19. Hapa anaandika kwa mkono wake mwenyewe, na kwa Kiswahili, nao wanamwambia aandike jambo la maana zaidi.

Kwa maoni yangu, siri ya udogo wa habari hizi imo katika asili ya watu walioziandika. Katika kijiji cha ukoo mmoja, habari ya nani kaoa na nani kafa haihitaji karatasi. Inapita kwenye kisima na kwenye matanga. Lakini vijana wa Kiungani hawakuwa na ukoo. Ukoo wao ulikuwa darasa, na darasa lenyewe lilikuwa limetawanyika kutoka Unguja hadi Nyasa. Mwalimu aliyeandika kutoka Newala kwamba fulani amepata mtoto alikuwa anafanya kile ambacho shangazi angekifanya kwa mdomo. Andreana Prichard, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu wanawake wa UMCA, ameonyesha vizuri jinsi watu hawa walivyojenga udugu wa kupendana kwa mbali, na barua na magazeti yakiwa miongoni mwa nyenzo zao. Mimi nasogea hatua moja tu mbele yake: nasema kwamba kwa watu hawa, habari za shule ndizo zilizokuwa habari za jamaa, hapakuwa na nyingine.

Itazame Chitangali, upande wa Newala. Mwaka 1886 alipelekwa huko Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akasoma Unguja na baadaye Canterbury. Mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Mkewe, Lucy Mgombeani, alikuwa mwalimu aliyelelewa Mbweni. Hapakuwa na Mzungu aliyekaa nao. Miaka minne tu kabla yao kufika, Septemba 1882, Wangoni walikuwa wameivamia Masasi, watu wakatekwa na makazi ya misheni yakasambaratika. Kwa hiyo shule ya Chitangali haikutua juu ya kijiji kilichotulia tangu enzi na enzi. Ilikuja katika nchi ambayo watu walikuwa wakihamahama kutafuta usalama, na darasa lilikuwa moja ya sababu za watu kukaa pamoja. Barua kutoka kule ilibebwa kwa miguu hadi Lindi, ikapanda chombo, ikafika Kiungani, ikapangwa herufi kwa herufi, na gazeti likarudi kwa njia ile ile. Miezi ilipita. Hata hivyo mwalimu wa Chitangali alijua ya Magila, na wa Magila alijua ya Chitangali. Shule zetu nyingi leo zina simu na hazijui shule jirani imepata mwalimu mkuu gani.

Bonde ni kesi ngumu zaidi, na wapinzani wangu wangekuwa na akili wangeikimbilia hiyo. Magila haikuwa kijiji cha watumwa waliokombolewa. Watoto wa shule walikuwa na baba, wajomba, mizimu na galo, jando lao la Kibondei, na wamisionari walihangaika miaka mingi wasijue wapigane na galo au walibatize. Hapa shule kweli ilianza kama kitu cha kando. Lakini Justin Willis, aliyeandika juu ya misheni ya Bonde mwaka 1993, ameonyesha kwamba waliojiunga nayo walikuwa na shabaha zao, na kwamba jumuiya aliyoiota mmisionari na ile waliyoijenga wenyeji hazikuwa kitu kimoja. Nakubaliana naye, na natoa mkataa wangu: shule iligeuzwa kuwa ya wenyeji na wenyeji wenyewe, bila waraka wa mtu.

Vyuo vya Kurani vilitangulia yote haya kwa karne kadhaa, na pale chuoni hitima, maulidi na kesi ya mtoto mtoro vilikuwa mali ya mtaa mzima. Hilo lina wataalamu wake, nawaachia.

Wajerumani nao walikuwa na gazeti lao. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na wanafunzi wake wakachapa Kiongozi, gazeti lililoanza miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na kuendelea hadi vita. Wanaolisifu husema ndilo lililokifanya Kiswahili cha herufi za Kirumi kiwe lugha ya ofisi hadi bara. Sawa. Lakini mimi nikilisoma naona wito wa kazi: linazungumza na maakida, makarani na walimu wa serikali, watu waliounganishwa na mshahara. Kufikia 1914 shule za serikali zilikaribia 100, za misheni zilipita 1,800. Mtu anayetaka kujua maisha ya shule ndogo ya wakati huo na afanye hesabu hiyo kwanza ndipo achague gazeti la kusoma.

Vita vya 1914 vilivunja mtandao wa walimu wa UMCA. Serikali ya Kijerumani iliwashuku walimu na mapadri Waafrika wa UMCA kuwa wapelelezi wa Waingereza, ikawatia nguvuni, na wengine hawakurudi. Samuel Sehoza, mmoja wa waliofungwa, alieleza mateso hayo katika Mwaka katika Minyororo, kilichochapishwa 1921. Kitabu hicho husomwa kama kumbukumbu ya vita. Kisome pia kama barua ndefu ya mwalimu wa Msimulizi: majina, nani alikuwa na nani, nani aliugua, nani alikufa wapi.

Kuanzia Januari 1923 gazeti la Mambo Leo, la Idara ya Elimu, lilichukua nafasi ya Msimulizi likiwa na wasomaji wengi zaidi, na ukurasa wake wa habari za miji na wilaya uliendelea kupokea barua za walimu kwa miongo mitatu. Limeshachambuliwa vya kutosha.

Ndipo tunafika 1967. Elimu ya Kujitegemea ilileta shamba la shule, ilileta madaraka kwa kamati za shule, na UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977, ikajaza madarasa kuliko wakati wowote uliotangulia. Haya ni makubwa. Kile ambacho haikuleta ni mazoea ya mwalimu kuandika mambo ya shule na ya kijiji katika mstari mmoja. Mazoea hayo ilishayakuta, na bado yapo, mahali ambapo hakuna mwanahistoria anayepatazama: kwenye kitabu cha zamu.

Kila shule ya msingi inacho. Daftari kubwa lenye jalada gumu, limefunikwa kwa gazeti au karatasi ya kaki, liko juu ya meza ya walimu. Mwalimu wa zamu anaandika kila siku kabla ya kuondoka: waliohudhuria kwa darasa, wavulana na wasichana, hali ya usafi, wageni waliofika. Chini yake kuna sehemu ya matukio, na hapo ndipo mwandiko unapolegea. Nyuki wameingia darasa la tatu, vipindi viwili havikufundishwa. Mto umejaa, watoto wa ng'ambo hawakuvuka. Walimu wamekwenda mazikoni kwa mjumbe wa kamati, wanafunzi wameruhusiwa saa sita. Timu imerudi kutoka mashindano ya UMITASHUMTA ngazi ya kata, imefungwa. Ukivipanga vitabu vya miaka 20 vya shule moja, una historia ya mvua, njaa, magonjwa na misiba ya kijiji kizima, imeandikwa siku kwa siku na mtu aliyekuwepo.

Msimulizi lilinusurika kwa sababu nakala zilipelekwa Uingereza na makarani wa huko wakazitunza. Kitabu cha zamu kina nakala moja tu. Kikijaa kinawekwa stoo, pamoja na majembe na madawati yaliyovunjika miguu, mpaka mwalimu mkuu mpya aamue kufanya usafi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inazilinda nyaraka za ofisi za umma, na shule ya msingi ya serikali ni ofisi ya umma. Kila kata ina afisa elimu, kila halmashauri ina masijala. Vianze kukusanywa vile vya kabla ya 1977, kwanza kwa wilaya moja tu, na kama wenye Kwamsisi yao wako tayari, iwe Handeni.