Ngome ya Yesu chini ya Mbuga za Taifa
Tarehe 24 Oktoba 1958, Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kugeuzwa jela na Waingereza mwaka 1895, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Serikali ya kikoloni iliikabidhi kwa wadhamini wa Mbuga za Taifa, chombo kilichoundwa hasa kwa ajili ya wanyamapori. Kwa Mji wa Kale wa Mombasa, ilipo ngome hiyo, ilikuwa bahati njema: wadhamini hao tayari walitunza magofu ya Gedi, chini ya mwanaakiolojia James Kirkman. Kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, Kirkman alifukua ngome na kuanzisha makumbusho. Mwaka 1969 ngome ilihamishiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.