Bruda Colm: Mwalimu wa jiografia aliyelea mabingwa wa riadha Iten

Mwaka wa 1976, Bruda Colm O'Connell, wa shirika la mabruda wa Patrician kutoka Ireland, aliwasili Iten kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alinuia kukaa miezi mitatu tu. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha, wala hakuwa mwanariadha.

Shule yenyewe haikuwa ngeni katika michezo. Mike Boit, aliyetwaa medali ya shaba katika mbio za mita 800 mjini Munich mwaka wa 1972, alisomea hapo. Aliyekuwa akiwanoa wanafunzi Bruda alipofika ni Mwingereza Peter Foster, nduguye Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo wa 1976. Foster alipoondoka, kazi hiyo ilimwangukia mwalimu wa jiografia.

Kwa kuwa hakuwa na vitabu vya kutegemea, aliwatazama vijana. Alichunguza wanavyoweka mguu chini, wanavyorusha mikono, na jinsi mwili unavyochoka. Mazoezi yake hayakuwa ya kuwachosha wanafunzi kwa masafa marefu. Alisisitiza mwendo mzuri, viungo kufanya kazi pamoja, na mbio nyepesi ambazo kijana angeweza kuongea huku akikimbia. Wengi walishangaa kuona mabingwa wakianza mazoezi kwa mwendo wa polepole hivyo.

Matunda yalionekana Seoul mwaka wa 1988, Peter Rono alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 21. Miaka minne baadaye, mjini Barcelona, Matthew Birir, mwanafunzi mwingine wa zamani wa St Patrick's, alishinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Desturi ya shule hiyo ni kumpandia mti kila mwanafunzi anayepata ufanisi mkubwa, na jina lake kuandikwa hapo.

Pengine jambo kubwa zaidi alilolifanya halikuhusu wavulana hao. Mwaka wa 1989 alianzisha kambi za likizo zilizowapokea wasichana, wakati ambapo wengi wao waliacha kukimbia mara tu walipotoka shuleni. Mwaka wa 1991 Lydia Cheromei alishinda taji la chipukizi katika mbio za nyika za dunia mjini Antwerp akiwa na umri wa miaka 13. Janeth Jepkosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mjini Osaka mwaka wa 2007, naye amepitia mikononi mwake.

Husemwa mara nyingi kwamba siri ya Iten ni hewa ya juu, takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Hoja hiyo haitoshi. Kilele cha Vuria, katika milima ya Taita juu ya nyika ya Voi, kina mita 2,208, lakini Taita Taveta haijulikani kwa mbio kama Iten. Mlima hauwapangi watoto kwenye mstari kila asubuhi. Hilo lilihitaji mtu aliyekaa.

Kisa cha mita 800 ndicho kinachoonyesha vyema urefu wa kazi yake. Wilson Kipketer, aliyesoma St Patrick's kabla ya kuhamia Denmark mwaka wa 1990, aliweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 41.11 mjini Cologne mnamo Agosti 1997. Ilidumu miaka 13. Aliyeivunja, mjini Berlin mnamo Agosti 22, 2010, ni David Rudisha, aliyekuwa amejiunga na kambi ya Bruda akiwa mwanafunzi. Babake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata fedha ya mita 400 kupokezana vijiti nchini Mexico mwaka wa 1968.

Juma moja baadaye, mjini Rieti, Rudisha alipunguza muda huo hadi 1:41.01. Agosti 9, 2012, jijini London, aliongoza fainali ya Olimpiki tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa 1:40.91. Alitetea taji hilo mjini Rio mwaka wa 2016, miaka 40 baada ya mwalimu wake kushuka Iten na mzigo wa miezi mitatu.