Biashara ya Arua na Koboko: Funzo kwa Mlinzi wa Mpaka

Ndugu msikilizaji, wewe uliye kambini na wewe uliye zamu katika kituo cha polisi, leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kwa haraka huonekana si la askari. Tunazungumza juu ya biashara ya wananchi wa Arua na Koboko, kona ile ya kaskazini-magharibi ya Uganda inayopakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande wa pili. Tumelichagua kwa makusudi. Hakuna raia anayekutana na askari mara nyingi kuliko mfanyabiashara wa mpakani, na ni mahali pachache ambapo historia ya askari na historia ya mchuuzi zimefungamana kama pale.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi iliyoitwa Lado, magharibi ya Mto Nile. Leopold alipofariki mwishoni mwa 1909, nchi hiyo ikawekwa chini ya Sudan mwaka 1910. Na ilipofika 1914, sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda, na mji wa Arua ukaanzishwa kuwa makao ya serikali ya wilaya. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa huko mwaka 1890, bila kuhamisha jiko lake hata hatua moja, alipita chini ya bendera tatu kabla ya kutimiza miaka thelathini. Wakakwa waligawanyika katika nchi tatu: Koboko ikawa Uganda, Yei ikawa Sudan, na ndugu zao wengine wakabaki Kongo. Walugbara nao wakakatwa pande mbili. Karibu na Koboko pana mahali paitwapo Salia Musala, ambapo mipaka ya nchi hizo tatu hukutana. Mama aliyekuwa akimpelekea dada yake muhogo na ufuta, na kurudi na samaki, akaambiwa siku moja kwamba sasa anavuka kutoka dola moja kuingia nyingine. Yeye hakuufuata mpaka. Mpaka ndio uliomfuata sokoni.

Serikali ya kikoloni haikuijenga Nile Magharibi iwe nchi ya biashara. Iliifanya ghala la nguvu kazi. Vijana wake walipelekwa kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, na wengine wakaandikishwa katika jeshi la King's African Rifles. Askari wengi wanaotusikiliza wanajua kwamba babu zao waliingia jeshini kwa njia hiyo, na kwamba Kiswahili cha kambini kilienea huko pamoja na buti na bunduki. Mazao ya biashara, yaani tumbaku katika nchi tambarare na kahawa katika milima ya Okoro, yalikuja kushika mizizi baadaye. Na maduka mengi ya mjini yalikuwa mikononi mwa Waasia. Ndiyo maana sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1946 ilikuwa na maana kubwa. Kwa mara ya kwanza mkulima wa tumbaku aliweza kusimama mbele ya mnunuzi akiwa na wenzake, si peke yake. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, wengi walitumaini kwamba umbali wa Nile Magharibi umekwisha.

Matumaini hayo yalivunjwa na mambo ya miaka ya 1970. Agosti 1972 Idi Amin, ambaye yeye mwenyewe huhesabiwa mtu wa Koboko, aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao yakagawanywa, na mengi yakaangukia mikononi mwa wanajeshi na jamaa zao. Wananchi wakawaita watu hao «mafutamingi». Lazima tuseme ukweli huu mbele ya askari bila kuuzungukazunguka: askari aliyekabidhiwa duka hakuwa amefundishwa kuagiza mali, wala kutunza daftari, wala kulipa deni. Aliuza kilichokuwamo, na rafu zikabaki tupu. Jeshi likapoteza askari, na taifa halikupata mfanyabiashara.

Sukari, chumvi na sabuni zilipoadimika, dola ilijibu kwa ukali. Mwaka 1975 ilitolewa amri ya kuunda mahakama ya makosa ya uchumi, yenye adhabu kali hata ya kifo kwa walanguzi na wafanya magendo. Je, magendo yalikoma? Hayakukoma. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka huo huo ilipandisha bei duniani, na kahawa ya Uganda ikamiminika nje kwa njia za panya, kwa kuwa mkulima alilipwa kidogo mno nyumbani. Shilingi ilikuwa haina thamani, bei ya serikali haikulingana na gharama, na aliyetumwa kumkamata mlanguzi mara nyingi alikuwa mshirika wake. Ukali usiokuwa na kanuni ya haki haukuua magendo. Uliyapandisha bei tu.

Kisha ikaja vita. Juni 1979 majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa nayo yalifika hadi mpaka wa Sudan. Oktoba 1980 mapigano yakarudi Koboko na Arua, na raia wakaadhibiwa kwa makosa ya waliowatawala. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari waliopaswa kuwalinda. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Huko ugenini walilima, walichuuza, walijifunza Kilingala na Kiarabu cha Juba, wakajua nani ni mkweli katika soko la Ariwara na nani si mkweli. Walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1980, hawakurudi na mali; walirudi na ujuzi na marafiki. Juu ya ujuzi huo ndipo biashara mpya ya Arua ilipojengwa.

Miongoni mwa waliorejea walikuwamo vijana wasio na shamba wala kazi. Walikaa kando ya barabara za Arua wakiuza petroli katika madebe na jerikani, na watu wakawapa kwa utani jina la shirika kubwa la nchi zenye mafuta duniani: OPEC Boys. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Mafuta yaliyotoka Mombasa yakiandikwa kuwa yanapita tu kwenda Kongo au Sudan, hayakulipiwa ushuru wa Uganda. Yakishavuka, yalirudishwa kwa vichochoro na kuuzwa kwa bei nafuu kuliko ya vituo halali. Huo ulikuwa ukwepaji wa ushuru, na hatuutetei. Lakini tazama upande wa pili. Vijana wale walijiundia uongozi wao, wakasaidiana, na viongozi wa serikali wakapata watu wa kuzungumza nao. Katika miaka ya 1990, waasi wa West Nile Bank Front walipokuwa wakiwatafuta vijana wa kuwajaza msituni, wakuu wengi waliona kwamba kuwafukuza barabarani kwa nguvu kungekuwa sawa na kuwaandikishia waasi askari wapya. Debe la petroli lilikuwa baya kwa hazina, lakini bunduki ingekuwa mbaya zaidi kwa wote.

Kilicholeta mabadiliko ni kanuni. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha za kigeni, na biashara ya «kibanda», iliyokuwa kosa kubwa jana, ikawa kazi yenye leseni leo. Mwaka 1991 ikaundwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Desemba 2002 serikali na waasi wa UNRF II wakatia saini mapatano ya amani, na mwaka 2005, mwaka wa mapatano ya amani ya Sudan, kaunti ya Koboko ikafanywa wilaya kamili. Malori yakaelekea Oraba, Kaya na Yei, na katika miaka ya 2010 barabara ya kilomita 92 kutoka Vurra kupita Arua na Koboko hadi Oraba ikawekwa lami. Vita vya Sudan Kusini vya 2013 na 2016 vilipokata mkate huo, jeshi la Uganda lilituma msafara hadi Juba, Julai 2016, kuwatoa raia waliokwama, wengi wao wakiwa wachuuzi. Hapo askari na mfanyabiashara walionana kwa sura nyingine kabisa.

Tangu hapo Sudan Kusini imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Jumuiya hiyo ina utaratibu mwepesi kwa mchuuzi mdogo: bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 huweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili, bila mlolongo wa karatasi za mwagizaji mkubwa. Lakini sheria iliyo katika kabati haimsaidii mama mwenye gunia la maharagwe asiyejua kwamba ipo, wala askari wa kizuizini asiyepata kuisikia.

Hapo ndipo kazi ya chama cha wafanyabiashara wa mashambani inapoonekana. Chama cha namna hiyo huwaeleza wanachama wake kanuni za forodha, husuluhisha madeni kabla hayajafika mahakamani, na hufikisha malalamiko kwa wakuu kwa sauti moja. Hoja zake si ngeni: vizuizi vya barabarani viwe vichache na vijulikane, kila fedha inayotolewa iandikiwe stakabadhi, mwenye baiskeli asitendewe kama mwenye lori, na anayekopesha mali ng'ambo ya mpaka awe na pa kudai. Hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayodhuru usalama wa taifa.

Wako watakaosema kwamba vyama hivyo huweza kuwa kificho cha wakwepa ushuru. Ni kweli, huweza. Na tajiri mwenye maghala hupenda kujificha nyuma ya mchuuzi mwenye kikapu. Lakini chama kina mwenyekiti, kina daftari, kina jina. Magendo hayana jina. Ni rahisi zaidi kumwita mwenyekiti akajibu kuliko kumfukuza mtu asiyejulikana usiku katika majani.

Ndugu askari, historia hii inakuachia mambo matatu ya kushika. Kwanza, biashara si kazi ya mwenye bunduki. Yaliyotokea 1972 yatosha kuwa ushahidi. Pili, shilingi uchukuayo kizuizini bila stakabadhi humfundisha raia kutafuta njia ya vichochoro, na njia hiyo hiyo ndiyo apitayo mwenye silaha. Tatu, mchuuzi anayevuka kila juma huona nyayo ngeni kabla ya doria kuziona. Akikuamini atakwambia, akikuogopa atanyamaza.

Haba na haba hujaza kibaba. Ushuru mdogo uliolipwa kwa hiari katika Oraba na Vurra, siku baada ya siku, hujaza hazina kuliko mali iliyonyang'anywa mara moja kwa vitisho. Mpaka unaolindwa na askari mwenye haki, pamoja na wananchi waliojipanga katika vyama vyao, ni mpaka wenye walinzi wengi.