Bonde lililochongwa na barafu

Leo naweka historia kidogo, ila si ile ya kukariri miaka usiku wa mtihani. Hii inasomwa kwa miguu.

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria unakutana na Gorges Valley, na ndani yake Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Hebu litazame bonde lenyewe: sakafu pana, kuta zimesimama wima, kama herufi U. Mto wa maji huchimba V. Hapa ulipita mto wa barafu, ukikwangua mwamba polepole kwa maelfu ya miaka. Barafu ilipoyeyuka ikaacha shimo, shimo likajaa maji, na ziwa ndio hilo. Maji yake hushuka na mto Nithi hadi Tana, mpaka Bahari ya Hindi.

Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alipanda kwa upande wa magharibi. Akakuta matuta ya mawe yaliyosukumwa na barafu, chini sana ya pale barafu ilipokuwa ikiishia enzi zake. Akaelewa kwamba zamani ilifunika eneo kubwa zaidi. Safi kabisa. Lakini mizigo yake ilibebwa na nani? Wapagazi wa pwani. Mwaka 1899 Halford Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, alifika kilele cha Batian, mita 5,199. Nyuma yao kulikuwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu zaidi ya 100.

Sasa fungua ramani: Teleki, Gregory, Mackinder. Mpagazi hata mmoja humwoni! Batian lenyewe ni jina la laibon wa Kimaasai, lakini aliyelipachika pale ni Mackinder.

Ila mlima nao haujali majina, jamani. Barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ile iliyoitwa Gregory ilikuwa imetoweka kufikia 2011. Jina limebaki, barafu haipo.

Kwa hiyo ukifika ziwani, usipige picha tu ukaondoka. Muulize mpagazi wako anaitwa nani, na njia hii alifundishwa na nani. Andika. Hiyo nayo ni nyaraka, na tusipoiandika sisi itayeyuka vilevile.

Haya, tuonane darasani.