Ni Jeni, Si Jini

Wasee, leo sina vichekesho. Leo ni historia. Mnajua niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha.

Jumapili jioni tulikuwa Mama Ngina, tunakula mihogo na pilipili, tunatazama meli zikiingia Kilindini. Mama mdogo akatoa sweta mkobani, akamvisha mwanawe wa miaka 7, kisha akampa maji tena. Mama mmoja benchi la jirani akacheka: "Dada, wamchoma mtoto na joto hili?"

Mtoto ana siko seli. Baridi ya upepo ikimpiga, au maji yakimpungukia mwilini, chembe nyekundu za damu zinajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Usiku huo ni kilio cha mifupa mpaka alfajiri. Mengine daktari alimwambia mama mdogo. Mengine ameyajua kwa kukesha.

Kinachomuumiza zaidi ni maneno ya ukweni. Eti ana jini. Eti "ameleta damu mbaya."

Sasa sikiza. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu chembe hizo za mundu. Nani amezileta? Jibu lilikuja 1949. James Neel, Mmarekani, alionyesha kwamba mtoto huugua akirithi jeni hiyo kwa baba NA kwa mama. Kila mzazi anabeba moja, mzima kabisa, wala hajui. Kila mimba, uwezekano ni 1 kati ya 4. Kwa hivyo shemeji zangu, mkono wa baba umo nusu kwa nusu.

Mwaka huohuo kijana aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi akipima damu za watu. Kwa baadhi ya jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walibeba jeni hiyo. Kwenye nyanda za juu, hata 1 hafiki. Kwa nini? Mwaka 1954 akachapisha jibu: mbu. Mwenye jeni moja, malaria kali haimuui kwa urahisi.

Yaani hiyo "damu mbaya" ndiyo iliyowavusha wengi wa mababu zetu hapa Pwani. Bila hiyo, pengine hata hao wakwe wasingezaliwa wakapata wa kumsema. Faida tumekula sote, lakini deni analipa mtoto mmoja, na mama yake ndiye anayekesha naye.

Basi ukitaka kuposa, nendeni mkapime damu wote wawili, si bibi harusi peke yake. Na ukimwona mama pale Mama Ngina anamvisha mtoto sweta kwenye joto, usicheke. Mpishe akae upande usio na upepo.