Nyayo Kandoni mwa Njia: Ajabu za Engaresero na Jirani Zake

Msafiri huondoka kwao kwa haja ya kufika mahali fulani, lakini kumbukumbu anayorudi nayo aghalabu si ya mahali alipofika, bali ya kitu alichokutana nacho njiani. Jiwe lenye umbo la kichwa cha mtu, mti uliopasuliwa na radi ukaendelea kuota, ukuta usiojulikana aliyeujenga: mambo kama haya humfanya asimame, ashangae, kisha aendelee na safari akiwa na hadithi ya kusimulia. Wahenga walisema kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Kutembea nako ni namna ya kuishi kwingi katika muda mchache.

Ajabu za kandoni mwa njia ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile iliyojengwa kwa kusudi la kumzuia mpita njia. Nchi ya Marekani ina sifa kubwa katika jambo hili. Mwaka 1881 James Lafferty alijenga tembo wa mbao aliyevikwa bati katika pwani ya New Jersey, mwenye kimo cha karibu mita 20 na vyumba tumboni, ili watu wavutwe kuja kununua viwanja alivyokuwa akiuza. Katika jangwa la California, Claude Bell alianza mwaka 1964 kujenga madubwana ya kale karibu na mkahawa wake huko Cabazon, ili wenye magari wasipite bila ya kula. Afrika Mashariki nayo haikukosa mambo ya jinsi hii. Mombasa ina meno makubwa ya tembo, ya madini, yaliyopinda juu ya barabara tangu miaka ya 1950. Huko Kayabwe katika Uganda na Nanyuki katika Kenya, palipo na alama ya mstari wa Ikweta, wenyeji humwonyesha mgeni maji yakizunguka tunduni upande huu na upande ule, ingawa kwa kweli beseni ni dogo mno kuweza kutii mzunguko wa dunia, na kinachoyazungusha maji ni mkono wa ayamiminaye.

Namna ya pili ni ile ambayo hapana aliyeijenga ili itazamwe. Ilikuwapo kabla ya njia, na njia ndiyo iliyoikuta. Hapana shaka kuwa katika Tanzania ni pachache penye ajabu za namna hii kama nchi ya Engaresero, katika Wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron.

Atokaye Mto wa Mbu kwenda kaskazini hufuata chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mkono wa kushoto akiwa na majabali na mkono wa kulia akiwa na mbuga kavu. Kabla ya kufika mbali hukuta Engaruka, mahali penye magofu ya vijiji na mashamba ya watu waliokwisha kuondoka kabla ya karne ya 19. Waliyapanga mawe kuwa matuta na mifereji, wakayaongoza maji ya vijito vya ukingoni hadi katika mashamba yaliyoenea kiasi cha kilomita 20 za mraba. Gustav Fischer, msafiri wa Kijerumani, alipita huko mwaka 1883 akayaona mawe hayo. Louis Leakey aliyachunguza mwaka 1935, na Hamo Sassoon akayafukua katika miaka ya 1960. Mpita njia asiyeambiwa kitu huona chungu za mawe tu.

Mbele zaidi unasimama Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai wauita Mlima wa Mungu, na kwao ni mahali pa sala tangu zamani. Ni volkano hai, nayo haina mfano katika dunia ya leo, kwa maana uji wake wa moto hauna asili ya mawe ya kawaida bali ya magadi. Joto lake ni la nyuzi 500 hadi 600 hivi, kiasi cha nusu ya joto la volkano nyingine. Hutiririka ukiwa mweusi kama tope, na baada ya kuguswa na unyevu wa hewa hugeuka kuwa mweupe, hata msafiri aliye mbali akadhani kuwa kilele kina theluji. Mlima huo ulirusha majivu mwaka 1917, tena 1940 hadi 1941, tena 1966, na tena 2007 hadi 2008. Majivu hayo ndiyo mwandishi wa historia ya nchi ile.

Kurasa zake mashuhuri zimo katika ufuo wa Ziwa Natron, karibu na kijiji cha Engaresero. Zamani za kale maji yaliyateremsha majivu ya mlima yakawa tope, na tope likatandazwa katika ufuo. Kabla halijakauka watu walipita juu yake. Kisha likakauka likawa gumu mfano wa jiwe, likafunikwa, na baada ya maelfu ya miaka mvua na upepo vikaliambua. Mwanakijiji mmoja aliziona nyayo hizo, na habari zake zikawafikia wataalamu ambao walianza kufika katika mwaka 2008 na baada yake. Leo zimehesabiwa nyayo za wanadamu zaidi ya 400, na katika Afrika hapajapata kuonekana mahali pengine penye nyayo nyingi za kale za wanadamu kama hapo.

Umri wake ulileta ubishi. Kwanza ilidhaniwa kuwa zimepita miaka 120,000. Cynthia Liutkus-Pierce na wenzake walipima argoni iliyofungwa ndani ya fuwele za majivu, wakatangaza mwaka 2016 kuwa tope lile halikuzidi miaka 19,100 wala halikupungua miaka 5,760. Punguzo hilo halikuiondolea Engaresero heshima. Watu wa zamani hizo walikuwa watu kama sisi kwa umbo na kwa akili, na kwa sababu hiyo nyayo zao zaweza kusomwa kwa kulinganishwa na za walio hai.

Usomaji huo ulifanywa na Kevin Hatala na wenzake, wakautangaza mwaka 2020. Katika nyayo hizo waliona mistari ya watu 17 waliokwenda pamoja kuelekea kusini-magharibi kwa mwendo wa kutembea tu. Kwa ukubwa wa nyayo na urefu wa hatua walikadiria kuwa yamkini 14 walikuwa wanawake wazima, wawili wanaume wazima, na mmoja kijana wa kiume. Watu wengine sita walikwenda upande wa kinyume kwa mwendo usiofanana, na hawaelekei kuwa walifuatana. Kundi la wanawake wengi lenye wanaume wachache lilimaanisha nini? Watafiti waliwaangalia Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, upande wa Karatu, ambao wanawake wao hutoka pamoja kuchimba mizizi na kuchuma matunda, na mara nyingine hufuatwa na mwanamume mmoja au wawili. Wakasema kuwa huenda wanawake wa Engaresero walikuwa katika kazi kama hiyo. Ikiwa ni kweli, basi ajabu kubwa ya njia ile si vita wala mfalme, bali ni asubuhi moja ya kazi ya akina mama kwenda kutafuta chakula. Historia iliyoandikwa kwa wino imewasahau wanawake mara nyingi. Historia iliyoandikwa kwa tope haikuwasahau.

Majivu ya mlima ule ule yameandika ukurasa mwingine upande wa pili wa nyanda za juu, kusini-magharibi, karibu na Bonde la Olduvai. Hapo pana kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, ambacho urefu wa mgongo wake ni karibu mita 100. Uwanda unaokizunguka ni wa nyasi, nacho ki peke yake. Upepo wa mashariki huziokota punje katika mgongo wake mpole, huzipandisha hadi kileleni, kisha huziacha ziporomoke upande wa mbele. Kwa njia hiyo kilima chote huhama kuelekea magharibi, kwa kadiri ya mita 17 kwa mwaka. Nyuma yake vimewekwa vibao vyenye miaka, kila kimoja kikionyesha mahali kilipokuwa mchanga. Msafiri asimamaye penye kibao cha zamani huona nyasi tu chini ya miguu yake, na kilima akakiona mbali. Hapo hutambua kuwa si wageni peke yao wasafirio katika nchi hiyo.

Basi hapa lipo swali ambalo si jepesi. Ajabu iliyojengwa ikichakaa hupakwa rangi. Ajabu iliyokutwa ikichakaa hairudi. Nyayo za Engaresero zilidumu kwa kuwa zilifunikwa, na tangu zilipofunuliwa mvua, upepo na chumvi za ziwa vimekuwa vikizila. Wataalamu wamezipiga picha nyingi na kuziunganisha katika kompyuta hadi zikawa umbo kamili, ili nakala ibaki hata ikiwa tope litamomonyoka. Lakini mgeni hakutoka mbali ili atazame nakala, na mwenyeji naye anahitaji mapato yaletwayo na mgeni. Kuzifunika ni kuwanyima wote wawili. Kuziacha wazi ni kumnyima mjukuu.

Laetoli, katika wilaya hiyo hiyo, ilikwisha kulijibu swali hili kwa namna yake. Nyayo zilizopatikana huko mwaka 1978 na jopo la Mary Leakey zina umri wa miaka milioni 3.66, na zathibitisha kuwa viumbe wa ukoo wetu walitembea kwa miguu miwili kabla ya kuwa na ubongo mkubwa. Zilifukiwa mwaka 1979 ili zihifadhiwe. Hata hivyo, katika udongo uliotumiwa mlikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, na mizizi ikaanza kuzitishia nyayo. Ikabidi Serikali ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani zifukue tena mwaka 1995 na 1996, ziondoe mizizi, na kuzifukia upya kwa ustadi zaidi. Tangu hapo atafutaye Laetoli huelekezwa kwenye nakala zilizomo katika makumbusho ya Olduvai. Kinga nayo, kumbe, yahitaji mlinzi.

Mwaka 2019 palizinduliwa katika njia panda iendayo Olduvai mafuvu mawili makubwa ya zege, moja la Zinjanthropus, ambaye Mary Leakey alimwona tarehe 17 Julai 1959, na moja la Homo habilis. Yamesimama juu ya nguzo, na magari yaendayo Serengeti husimama, watu wakashuka wakapiga picha. Mwenye kupenda vitu vya asili pengine atacheka, akaona kuwa mtindo wa Cabazon umefika Ngorongoro. Lakini asifanye haraka. Zege halidhuriki kwa kukanyagwa wala kwa kuguswa. Umati unaoridhika na fuvu la zege hauhitaji kuligusa fuvu la kweli, ambalo limehifadhiwa Dar es Salaam. Ajabu ya kujengwa, ambayo kwingine ni chambo cha mfanyabiashara, hapa yaweza kuwa ngao ya ajabu ya kweli. Engaresero nayo yaweza kuhitaji ngao kama hiyo: nakala ya nyayo iliyo imara, kandoni mwa njia, mikononi mwa kijiji chenyewe, ambayo watoto wa shule waweza kuweka miguu yao ndani na kujipima, huku tope la kweli likipumzika chini ya mchanga.

Hata kukiwa na zege na vibao, jambo moja halina budi kukumbukwa. Vitabu husema kuwa ajabu fulani iligunduliwa mwaka fulani na mtaalamu fulani. Lakini wachungaji wa Engaresero walipita penye ufuo ule na mifugo yao kabla ya wataalamu, na mwenyeji ndiye aliyesema, "Njooni mtazame." Njia haikuanza na gari. Wale 17 waliokwenda kusini-magharibi hawakujua kuwa wanaacha ajabu. Walijua tope ni laini, jua linapanda, na kazi inangoja.