Yusuf Asiye na Ghala: Kuisoma Peponi Kutoka Tabora

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akatupatia tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi. Imezoeleka kusomwa kama riwaya ya utumwa na ujio wa Wajerumani. Makala hii inadai kuwa ni riwaya ya tabianchi pia, na kwamba dai hilo huonekana vizuri zaidi Tabora, kitovu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Hadithi inaanza wakati wa ukame. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz awe rehani ya deni la baba yake. Jua kali na deni vinaingia kwa mlango mmoja, na msomaji aliyelelewa kwenye kisa cha Nabii Yusuf hushtuka hapo. Gurnah amekifuata kisa hicho hadi kwenye mke wa tajiri na shati lililochanwa. Lakini Nabii Yusuf alifasiri ndoto ya mfalme, akaweka akiba ya nafaka kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Yusuf wa Peponi naye huota, tena ndoto za kutisha, ila hakuna anayemtaka ushauri wala anayemkabidhi ufunguo wa ghala. Kwangu mimi, uchungu wote wa riwaya umo katika pengo hilo.

Watasema wengine kwamba maumbile humu ni pambo tu. Sikubali. Mzee Hamdani, mtumwa aliyekataa uhuru aliopewa, anaitunza bustani ya tajiri wake kwa mapenzi yasiyo na shaka, na Yusuf anajifunza kuipenda kwa kufanya kazi humo. Hata hivyo maji na kivuli cha bustani hiyo vimezungushiwa ukuta, na mali inayovitunza imebebwa mabegani kutoka bara. Mapenzi ya mti na jasho la mpagazi havitenganishwi.

Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, walilijua hilo kabla ya riwaya yoyote. Wapagazi wengi walisafiri kiangazi, wakajitahidi kurudi mvua zikikaribia, wawahi kulima. Biashara ya pembe za ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, iliisikiliza mvua.

Leo katika Urambo, Kaliua na Sikonge rehani imebadili sura. Mkulima wa tumbaku hupokea pembejeo kwa mkopo, na mavuno hukatwa deni kabla hajaiona fedha. Majani hayo hukaushwa katika mabani kwa kuni za miyombo, misitu ileile inayowalisha nyuki walioipa Tabora sifa ya asali. Kumwambia mkulima huyo apende miti ni kumkosea adabu. Anaipenda, na anadaiwa. Mhakiki anayezungumzia uhusiano wa mtu na maumbile bila kutaja deni ameruka sura ya kwanza ya Peponi.

Kila mwaka, kiangazi kinapofikia ukali wake, miyombo ya Tabora huchipua majani mekundu kabla tone la mvua halijaanguka. Hutumia maji iliyojiwekea tangu masika. Ndilo ghala ambalo Yusuf hakupewa, na ndilo linaloingia banini, gogo baada ya gogo.